Muujiza wa Plagini Kumi na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, Fundi Taratibu alifungua kazi ya kwaya kwenye kompyuta ya studio, na badala ya wimbo akapata orodha. Ilishuka katikati ya skrini, mistari kumi na saba, kila mstari una jina la plagini, na mbele ya kila jina neno moja jekundu: haikupatikana.

Mama Stoo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi, mkoba begani. Aliihesabu mistari ile bila kukusudia. Kuhesabu ndiko kulikomlea: miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na jina lake la nyumbani lilikwisha kusahaulika hata na majirani. Mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na mbili, alijiandikisha masomo ya jioni katika chuo hiki kidogo ili ajifunze kurekodi sauti. Kwaya iliyokuja leo ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake, "Njooni chuoni kwetu, tuna mitambo na tuna fundi." Aliimba sauti ya pili.

"Zimeenda wapi hizi?" fundi alinong'ona.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, na jina la Taratibu alipewa na wanafunzi kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno lake kwa kila jambo. Waya umekatika: taratibu. Mtu anapiga kelele: taratibu. Leo hakulisema.

Plagini ni vijiprogramu vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Kimoja husafisha mvumo, kingine hutia mwangwi, kingine huzuia sauti isiruke juu ya wenzake. Na kimoja, kikubwa kuliko vyote, ndicho kilichokuwa kinanda. Mpigaji alikuja wiki tatu zilizopita akabonyeza vitufe, lakini mlio wenyewe ulitoka ndani ya plagini. Bila hiyo, kinanda kilibaki alama tupu kwenye skrini, kama barua isiyo na wa kuisoma. Na kwaya ilikuja kurekodi ubeti wa mwisho juu ya kinanda hicho. Wangeanzia wapi? Wangefuata nini?

Waimbaji ishirini na wawili walikuwa wamejaa kwenye korido, wamevaa sare zao. Mlango wa studio ulikuwa wazi kidogo, na katika ule upenyo kikajitokeza kichwa cha Mama Pacha, shoga yake Mama Stoo tangu usichana.

"Shoga, na hii kompyuta yenu nayo inasoma masomo ya jioni? Maana naona asubuhi haielewi kitu."

Korido ikacheka. Mama Stoo naye akacheka, akamsukuma kichwa arudi nje. Wakati huo bado alikuwa na moyo wa kucheka.

Fundi aliifunga programu, akaiwasha upya. Orodha ikarudi vilevile. Akaingia kwenye mipangilio, akaiamuru programu itafute plagini zote upya. Mstari mdogo ukajisogeza kutoka kushoto kwenda kulia, ukafika mwisho haraka mno, na jibu likaja: zimepatikana mbili.

"Mbili," alisema fundi. "Jumatano zilikuwa kumi na tisa."

"Labda inatafutia mahali pengine," alisema Mama Stoo. Walikuwa wamefundishwa hilo darasani: kwanza hakikisha programu inaangalia pale ambapo plagini zimewekwa.

"Umesema vizuri, Mama. Tuone."

Akafungua ukurasa wa njia. Njia ilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Basi fundi akaifuata ile njia mwenyewe, folda ndani ya folda, mpaka akaifikia folda ya plagini, akaifungua. Ndani mlikuwa na mafaili mawili. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeupe.

Mama Stoo aliujua weupe ule. Aliuona Alhamisi jioni, akaupenda.

Alishika mgongo wa kiti cha fundi kwa mikono miwili, akabaki ameduwaa mbele ya folda kama mama aliyerudi sokoni akakuta kitanda cha mtoto kitupu.

Siku ya Alhamisi darasa lilipoisha alikuwa amemwomba fundi abaki kidogo afanye zoezi. Sheria iliyobandikwa mlangoni ilisema mwanafunzi asiachwe peke yake na mashine, na atakayegusa kitu bila ruhusa atatoka darasani. Lakini fundi alimwamini. Alikuwa na spika za kufunga ukumbini, basi akamwachia chumba, na kwenye daftari la zamu akaandika jina lake mwenyewe. "Fanya taratibu, Mama," alisema, akaondoka.

Akiwa katikati ya zoezi, kompyuta ikamletea taarifa: nafasi inakaribia kujaa. Mama Stoo alitabasamu. Hapo palikuwa nyumbani kwake. Hospitalini alikuwa na kanuni moja iliyomjengea sifa kwa wakaguzi wote: kitu ambacho hakijatoka kwenye rafu mwaka mzima, kihamie stoo ya nyuma. Akafungua mafolda, akayapanga mafaili kwa tarehe, na akakuta mengine yana majina ya ajabu na tarehe za miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu hayajaguswa! Akachomeka diski yake ya nje, ile aliyonunua ya kutunzia masomo, akayahamishia huko yote. Kompyuta ilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara mbili alijibu ndiyo. Alipoona folda imebaki nyeupe na nafasi imepatikana tele, alimshukuru Mungu kwa kumpa akili ya kumsaidia fundi, akajiambia atampa habari hiyo Jumamosi, afurahi.

Sasa akaelewa. Ile tarehe haikuwa siku ya mwisho ya kutumika. Ilikuwa siku faili lilipotengenezwa kiwandani kwake. Plagini hutumika kila siku bila tarehe yake kubadilika, kama jiwe la kusagia.

Diski ilikuwa ndani ya mkoba, begani kwake. Akafumbua kinywa.

"Kuna nini humu?"

Mkuu wa chuo alikuwa ameingia. Alikuwa mzee mkavu, mwenye miwani midogo, na hutembea mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride.

"Jambo dogo tu, Mkuu," alisema fundi. "Plagini hazionekani."

"Dogo? Dogo lako la mwezi uliopita, siku spika zilipokufa mbele ya wageni, nililiandikia barua za kuomba radhi tatu. Una barua moja ya onyo, Fundi. Unakumbuka niliyokuambia kuhusu ya pili?"

"Nakumbuka."

"Niambie nisikie."

"Ya pili si ya onyo. Ya pili ni ya kuondoka."

Mkuu alichukua daftari la zamu kwenye meza, akalifungua. "Alhamisi, baada ya darasa. Jina lako. Ulikuwa peke yako?"

Fundi hakugeuka kumtazama Mama Stoo. Hata shingo haikucheza.

"Peke yangu, Mkuu."

"Basi aliyegusa ni wewe. Hawa watu wamelipokea neno letu wakaacha shughuli zao. Nakupa mpaka saa tano kamili. Wimbo ukilia, tutazungumza. Usipolia, njoo ofisini na funguo zako."

Akatoka. Kinywa cha Mama Stoo kilikuwa kimekwisha kujifunga. Alijiambia atasema mara Mkuu akifika mbali. Nyayo zikafika mbali. Hakusema.

Fundi ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini ili korido isisikie.

"Mama, sikutuhumu. Nataka tu nijue nitafute wapi. Alhamisi hukugusa kitu chochote?"

Angalieni jinsi neno dogo linavyoweza kuwa na kina. "Hapana" ingetosha kumvua nguo mbele ya Mungu wake, naye aliona aibu kuitamka, basi akazungukia upande.

"Nilifanya zoezi langu tu, mwanangu."

"Sawa," alisema fundi, akaigeukia skrini. "Nilijua. Nilitaka tu kuwa na hakika."

Hilo "nilijua" lilimchoma kuliko kofi.

Saa tatu ikapita. Fundi alitafuta kila jina katika kompyuta nzima, hakuna. Akafungua pipa la takataka la kompyuta, tupu. Akaingia mtandaoni kuzipakua upya moja baada ya moja. Ya kwanza ilishuka baada ya dakika ishirini, akaiweka, akafungua wimbo, na programu ikaikataa: hili ni toleo jipya, kazi hii inadai la zamani. Ile ya kinanda ilionyesha muda wa kungoja: saa thelathini na moja.

"Saa thelathini na moja," fundi alirudia, akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Mama, mke wangu alijifungua juzi tu. Siwezi kwenda kumwambia..." Akakatisha. "Samahani. Hayo si yako."

Mama Stoo alitoka akaenda mpaka mwisho wa korido, penye bomba la kunawia mikono, akafungua maji ili yafunike sauti yake.

"Baba," aliomba, "zirudishe. Mwokoe huyu kijana, ana mtoto mchanga. Wewe huwezi kushindwa na kompyuta."

Alikuwa mwombaji wa kweli; alizoea kuomba na kungoja, na alijua ukimya wa Mungu una namna nyingi. Ukimya wa leo ulikuwa wa namna moja tu. Ulikuwa kama wa mfamasia uliyemwomba dawa huku dawa umeishika mkononi: anakutazama, hajibu.

Akafunga bomba. Akafikiria sheria ya mlangoni. Akafikiria binti yake aliyesema, "Mama, umri huu darasani utalala tu," na jinsi alivyomjibu kwa cheti cha muhula wa kwanza. Akafikiria kwaya nzima ikijua. Miaka ishirini na sita hakupoteza hata bomba la sindano, na leo aitwe mharibifu mbele ya Mama Pacha!

Aliporudi, mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni mwa studio. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini sana, na hakuwahi kuona tatizo lisiloweza kuombewa.

"Wapendwa," alitangaza, "fundi anakwenda chumba cha vifaa vya zamani kutafuta diski za mwanzo, zile zilizokuja na plagini. Sisi tutasimama hapa koridoni tuombe. Mama Stoo, njoo utuongoze."

Na hapo wazo likamjia, likiwa limevaa vizuri, kama mgeni mwema.

"Niacheni nibaki humu," alisema. "Niombe nikiwa karibu na mashine."

"Mmemwona?" alisema mwalimu wa kwaya. "Huyu ndiye mama wa maombi. Abaki!"

Mlango ukarudishwa. Fundi alikuwa amekwenda. Mama Stoo akakaa kwenye kiti bado chenye joto, akafungua mkoba, akatoa diski, akaichomeka. Akabofya pasipo, akarudia. Akachagua mafaili yote, akayaelekeza kwenye folda ya plagini. Dirisha dogo likatokea: dakika kumi na mbili zimebaki.

Nje, kwaya ilikuwa imeanza. Walianza chini, wakapanda. Mwalimu wa kwaya aliomba kwa ajili ya waya na umeme. Mtu mwingine akamwombea fundi. Kisha ikasikika sauti ya Mama Pacha, kali, iliyozoea kuita watoto kutoka mbali.

"Na kama kuna mkono wa adui uliogusa mashine hii, Bwana, mkono huo ukauke!"

"Ukauke!" kwaya ikaitikia.

Mama Stoo aliutazama mkono wake juu ya kipanya. Dakika tisa. Kama fundi angerudi sasa, angeikuta diski ikiwaka taa yake ya bluu kama jicho. Dakika saba. Nyayo zilipita nje, alikurupuka akaifunika diski kwa mkoba, nyayo zikapita. Dakika nne. Alijaribu kuomba na hakupata hata sentensi moja. Kila alipoanza "Baba", neno la pili lilikataa kuja.

Mstari ukajaa. Akaichomoa diski bila kuiaga kompyuta kama walivyofundishwa, akaitia mkobani, akafunga zipu. Fundi aliingia muda mfupi baadaye, mavumbi mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu.

"Huko hakuna kitu."

"Jaribu tena kutafuta," alisema Mama Stoo. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilivyokuwa tulivu. "Mara moja tu."

Fundi hakuwa na la kupoteza. Akaiamuru programu itafute upya, na mstari mdogo safari hii haukukimbia. Ulitembea. Majina yakaanza kupita chini yake, moja baada ya jingine. Fundi akainuka nusu kwenye kiti.

"Ee!" alisema. "Ee, ee, ee!"

Sauti yake ilifungua mlango. Kwaya ikaingia kama maji. Mwalimu wa kwaya mbele. Orodha nyekundu ilikuwa imetoweka. Plagini kumi na saba zilikaa mahali pake, kila moja na taa yake ya kijani. Waliruka, wakapiga vigelegele, wakakumbatiana kwa sare zao. Mama Pacha alilia waziwazi. Hata Mkuu wa chuo, aliyekuja kwa sababu ya kelele, alisimama mlangoni na kuivua miwani.

"Piga wimbo, Fundi!" walisema.

Fundi akabofya. Sauti za waimbaji wa wiki tatu zilizopita zikatoka kwenye spika, safi, zina mwangwi mzuri. Kinanda hakikulia.

Akasimamisha, akarudia. Waimbaji walisikika kama watu wanaotembea juu ya sakafu iliyong'olewa. Akaifungua plagini ya kinanda yenyewe, nayo ikampa ujumbe: sauti za ala hazikuonekana.

Kelele zikapungua, zikawa minong'ono. Fundi akaifungua ile folda, akaanza kuyasoma mafaili moja moja, safu ya majina, kisha safu ya saa yalipoingia. Mama Stoo, aliyesimama karibu, aliona anachokiona. Kila mstari ulisema kitu kimoja: leo, baada ya saa nne na robo, saa ile fundi alipokuwa chumba cha vifaa.

Macho ya fundi yakateremka polepole, kutoka skrini mpaka kwenye mkoba wenye zipu iliyofungwa, yakapumzika hapo. Alijua.

"Unaona nini?" aliuliza Mkuu, akisogea. "Hebu nione."

Fundi alibofya pembeni. Ile safu ikafungika.

"Hakuna kitu, Mkuu. Yamerudi tu."

"Yamerudi tu." Mkuu aliivaa miwani yake. "Mafaili yanapotea, wewe peke yako ndiye uliyekuwapo. Unakwenda chumba cha vifaa peke yako, unarudi, nayo yanarudi nawe. Tena yanarudi nusu, ili tuendelee kukubembeleza. Mimi nimefundisha miaka arobaini, Fundi. Watoto walionidanganya wana wajukuu sasa. Saa tano kasoro dakika kumi na saba. Funguo."

"Mkuu, subiri!" Mwalimu wa kwaya aliinua mikono miwili. "Usimfukuze mtu juu ya kazi ya Mungu. Kilichoanzishwa kitakamilishwa. Sisi tuliomba, na Mama Stoo alibaki humu ndani akaomba, na mafaili yakarudi. Kinanda nacho kitalia. Mama Stoo, wewe ulikuwapo! Mwambie Mkuu ulichokiona. Toa ushuhuda!"

"Shuhudia, mama!" kwaya ikasema.

Njia ikafunguka katikati yao, wote wakamgeukia. Hivyo ndivyo walivyozoea: anayeshuhudia husimama mbele, huanza kwa kumshukuru Mungu, nao huitikia. Mara ngapi amesimama hivyo! Alishuhudia alipopona mgongo, aliposhinda ukaguzi, alipopokelewa chuoni. Fundi alikuwa akiutoa ufunguo mmoja kwenye kishikio, kucha inateleza, anajaribu tena.

"Namshukuru Mungu," alianza Mama Stoo.

"Amina!"

"Namshukuru kwa sababu hakunijibu."

Mtu mmoja tu aliitikia, kwa mazoea, akajishika mdomo.

"Mkuu, mafaili niliyatoa mimi. Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Nilidhani ni mizigo ya zamani, nikayahamisha kwenye diski yangu kama ninavyohamisha vitu vya stoo. Fundi aliniachia chumba kwa kunihurumia, akaandika jina lake. Leo aliponiuliza, nilimdanganya. Nanyi mlipokuwa mkiomba, mimi sikuwa naomba. Nilikuwa nayarudisha kwa siri, ili mseme ni muujiza na mimi nisijulikane." Akafungua zipu, akaiweka diski juu ya meza. "Hii hapa. Si muujiza. Ni mimi."

Mwalimu wa kwaya alibaki mikono juu, hajui aishushie wapi.

"Mungu wangu," alisema Mama Pacha kwa sauti ndogo, "na mimi nilivyouombea ule mkono ukauke! Shoga, unausikia vizuri?"

Mtu mmoja nyuma alicheka akakatisha. Mama Stoo hakuweza kumtazama yeyote. Alimtazama fundi, akitegemea, ikiwa lazima tuseme ukweli, uso wa shukrani. Hakuupata. Uso wa fundi ulikuwa mwekundu machoni.

"Ungesema saa mbili," alisema fundi. "Saa mbili na nusu tungekuwa tunarekodi. Mimi nimekaa hapa najiona kichaa, Mama."

"Najua, mwanangu."

"Hujui." Akavuta kiti, akakaa. "Haya. Kuna folda moja kubwa, ya sauti za kinanda. Alhamisi ulikuta iko wapi?"

"Haikuwa na zile nyingine. Ilikuwa kwenye diski ya pili ya hii hii kompyuta, ndani ya folda yenye jina la kinanda."

"Na leo umeiweka wapi?"

"Nimeziweka zote pamoja."

"Ndiyo maana. Plagini inajua chumba kimoja tu, na chumba hicho hakina kitu." Mikono yake ilikuwa imeanza kwenda. "Folda ndani yake zilikuwa ngapi?"

"Nne. Na faili moja la maandishi, peke yake, juu."

"Una hakika?"

"Kuhusu hesabu, nina hakika."

Fundi aliihamisha folda ile. Dirisha dogo likatokea, na watu ishirini na sita katika chumba cha watu wanane wakalitazama bila kupumua, Mkuu akiwa mmoja wao, ameitoa saa yake mfukoni. Dakika sita. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Dakika mbili. Fundi akaifungua plagini ya kinanda, akaielekeza kwenye chumba chake, akabofya.

Kinanda kikalia. Kilianza katikati ya wimbo, pale fundi alipokuwa amesimamisha, na sauti za waimbaji zikapata sakafu.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliachia pumzi tu, wote kwa pamoja. Mkuu aliirudisha saa mfukoni.

"Saa tano kasoro dakika mbili," alisema. "Fundi, umemwacha mwanafunzi peke yake na umeandika uongo kwenye daftari. Hilo lina barua yake, nami nitaiandika Jumatatu. Lakini itakuwa ya onyo. Rudisha huo ufunguo mahali pake." Akamgeukia Mama Stoo, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui aanzeje. "Mama, nakuheshimu. Hukumu ya mlangoni umeisoma?"

"Nimeisoma, Mkuu."

"Basi darasani umetoka. Muhula huu hatukuoni."

"Na ujao?"

"Ujao uombe upya, uanze mwanzo na wanaoanza. Na fomu yako sitaitia sahihi mimi. Ataitia huyu." Alimwonyesha fundi kwa kidevu.

Mama Stoo alimtazama fundi. Fundi alikuwa akizungusha waya wa maiki mkononi.

"Nitafikiria," alisema, bila kuinua macho.

Lilikuwa jibu la haki, naye alilipokea. Akauchukua mkoba, akageukia mlango. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kushusha mikono yake, na sasa alikuwa akipanga watu upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha kuimbia, sauti ya kwanza kushoto, besi nyuma.

"Unakwenda wapi?" aliuliza. Uso wake ulikuwa bado na huzuni ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Darasani umetoka kwa Mkuu. Kwaya ni yangu. Sauti ya pili ina watu wanne. Nikibaki na watatu, ubeti huu utapinda. Ingia. Mengine tutazungumza kanisani, na hayatakuwa mafupi."

Akaingia. Wenzake walimpisha, na Mama Pacha alimpa hedifoni baada ya kuifuta kwa pembe ya sare yake. Ng'ambo ya kioo fundi alikuwa ameinamia vitufe vyake. Mama Stoo alifumba macho, akasema "Baba", na neno la pili likaja: "nisamehe". Hakuongeza la tatu.

Sauti ya fundi ikaingia ndani ya hedifoni, kavu, ya kikazi.

"Tunajaribu sauti kwanza. Imbeni mstari mmoja."

Wakaimba mstari mmoja.

"Simameni. Mama, wewe wa sauti ya pili." Alikuwa akimtazama sasa, kupitia kioo. "Rudi nyuma hatua moja. Unawafunika wenzako."

Mama Stoo akarudi nyuma hatua moja.

"Hapo. Bakini hivyo hivyo. Taratibu," alisema fundi, na kinanda kikaanza.